Wajumbe Kumi na Mmoja na Pampu ya Bi. Tusekile

Katika nchi yetu joto ni haki ya kila raia. Imo katika Katiba, ibara ya nne, katikati ya haki ya kuimba na haki ya kupiga makofi. Nchi yenyewe iko juu milimani, mahali ambapo ndoo ya maji ikilala nje mwezi wa Juni huamka na barafu juu yake, kwa hiyo haki hiyo ilikuwa ikikumbushwa mara kwa mara na watu wasio na shukrani. Zamani tulijipasha joto wenyewe. Mtu aliwasha mkaa wake uani, ukishakolea na moshi umekwisha aliliingiza jiko ndani, akaacha dirisha wazi kidogo, familia ikakaa kulizunguka, na Serikali haikuhusika hata kidogo. Jambo hilo liliwaumiza sana viongozi wetu.

Jina la nchi silitaji. Nimeombwa nisilitaje, na mimi ni mtu mtiifu. Nilifundisha somo la uraia kwa miaka thelathini na miwili na sijawahi kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Ukidhani unaifahamu nchi hii umekosea, na tafadhali kosea kimyakimya.

Mambo yalibadilika Rais wetu Mpendwa aliporudi kutoka ziara ya ng'ambo. Huko alilazwa katika nyumba yenye pampu ya joto, akarudi mashavu yamenona, akaamuru kila nyumba nchini ifungiwe pampu yake kabla ya Sikukuu ya Taifa. Tukaitwa kwenye semina ya siku tisa. Tuliambiwa kwamba pampu ya joto haitengenezi joto, bali hulichota lililoko nje na kulimwaga ndani, na kwamba ukiipa umeme kipimo kimoja inakuletea joto vipimo vitatu. Huo ndio unaoitwa ufanisi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza ni joto gani hilo lililoko nje, maana yeye anachunga kondoo hukohuko nje na hajakutana nalo. Mkufunzi alimjibu kwa upole kwamba joto lipo, ila halijatangazwa.

Mashine yenyewe ina nusu mbili. Nusu ya kwanza hukaa ndani, ukutani, nayo ni nyeupe na ina taa ya kijani. Nusu ya pili hukaa nje, ina feni kubwa, nayo ndiyo hasa inayochota. Bomba hupita kati yao. Hapo ndipo kilipojitokeza kikwazo kidogo cha kiutawala. Kwa sheria zetu, kila kilicho ndani ya ukuta wa nyumba kiko chini ya Wizara ya Makazi, na kila kilicho nje ya ukuta kiko chini ya Wizara ya Viwanja na Mandhari. Mawaziri wa wizara hizo mbili hawasemezani tangu harusi moja ambapo mmoja wao alikalishwa kwenye kiti cha plastiki. Nusu za ndani zilifungwa nchi nzima kwa mwezi mmoja, kwa ngoma na vigelegele. Nusu za nje ziko ghalani, zimefunikwa turubai, zinasubiri Kamati ya Pamoja ya Bomba.

Nusu ya ndani ikiwa peke yake hutoa mngurumo mzuri sana, na ukiiwekea mkono unahisi kaupepo. Kaupepo hako ni ka baridi, lakini kanatoka kwa mpangilio.

Ikapitishwa Sheria ya Mkaa. Nyumba ambayo pampu yake imepimwa na kufaulu ililazimika kusalimisha jiko lake siku hiyohiyo, kwa kuwa raia hawezi kuwa na haki moja mara mbili.

*

Kupima ndiyo iliyokuwa kazi ya Idara yetu, Idara ya Kupima Ufanisi wa Pampu za Joto Majumbani. Nasema yetu kwa sababu nami nilikuwa mjumbe. Cheo changu kilikuwa Mwakilishi wa Wananchi, na niliteuliwa kwa sifa mbili: nilikuwa na koti, na nilijua kuitikia kwa kichwa.

Ujumbe wa kupima ulikuwa wa watu kumi na mmoja, wala hapana pungufu. Ilielezwa kwamba ukimtuma ofisa mmoja atahongwa kuku, ukiwatuma wawili watagawana kuku, lakini watu kumi na mmoja hawawezi kugawana kuku mmoja bila kugombana, na wakigombana tu siri iko nje. Basi kila kipimo kilishuhudiwa na wote kumi na mmoja, chumbani, mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa magazeti ya Serikali ili baridi isije ikaingia na kuharibu takwimu.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Saa tatu asubuhi tunaingia, Karani Chaula anasoma kipimajoto. Tunakaa. Kwa desturi ya huku kwetu hakuna mwenye nyumba anayeweza kuwaacha wageni wakae midomo mikavu, kwa hiyo inaletwa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha vinavyofuka mvuke. Mkurugenzi anahutubia. Hotuba ikiisha, kwa kawaida kwenye saa tano, Karani anasoma kipimajoto mara ya pili, anagawanya joto lililoongezeka kwa umeme uliotumika, na cheti kinaandikwa. Tulipima nyumba mia tatu na kumi kwa njia hiyo, na zote, bila kubakiza hata moja, zilipanda joto. Mimi nilifundisha uraia, sikufundisha sayansi, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote.

Mkurugenzi wetu alikuwa Dokta Gwandumi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, naye aliuheshimu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi hata pale ambapo hakuna ukumbi, na akiwa kazini hakumwamkia mtu yeyote, hata mzee wa kumzaa, kwa maelezo kwamba Dola haiamkii.

*

Siku ya nyumba ya mia tatu na kumi na moja tulikwenda kwa Bi. Tusekile. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na nusu ya ujumbe wetu alikuwa ameipokea yeye mwenyewe duniani. Alikuwa akiishi na binti yake Lugano, aliyeolewa kule bondeni, mwendo wa siku mbili kwa basi, na aliyekuja kwa mama kujifungua. Mtoto alikuja kabla ya miezi yake kutimia. Njiti. Hospitali ilikaa naye wiki tatu ikamruhusu akiwa na kilo moja na robo tatu, na nesi alisema maneno machache tu: msimwache apoe, na akifika kilo mbili na nusu mnaweza kusafiri naye.

Tulipoingia, Lugano alikuwa amekaa kitandani amemweka mtoto kifuani ndani ya kanga, ngozi kwa ngozi. Kilichoonekana ni kofia ndogo ya sufu. Jiko la mkaa lilikuwa limetolewa uani tangu jana yake, kama sheria ya kipimo ilivyotaka. Karani Chaula alisoma kipimajoto kwa sauti: nyuzi tisa.

"Wanangu," Bi. Tusekile alisema, "kabla hamjakaa, naomba niseme. Hii mashine haipashi. Inanguruma tu. Na leo hata kunguruma haingurumi, maana umeme umekatika tangu alfajiri."

"Mama," Dokta Gwandumi alijibu, "matokeo hayasemwi kabla ya kipimo. Hilo linaitwa kuingilia mchakato."

Tukakaa. Wanne kwenye kochi la watatu, watatu kwenye ukingo wa kitanda cha wageni, waliobaki kwenye viti vya kuazima kwa jirani, magoti yamegusana. Tukafunga mlango. Chai ikaja kutoka jiko la nje, kibanda cha mbao chenye kuta tatu ambako kuni bado ziliruhusiwa kwa sababu hapakuhesabiwa kuwa ndani wala nje. Viazi vikaja. Dokta Gwandumi akasimama akahutubia juu ya safari ya taifa letu kutoka kwenye giza la mkaa hadi kwenye mwanga wa mngurumo. Mjumbe wa Usalama akavua skafu. Mjumbe wa Mipango akafungua vifungo viwili. Mimi jasho lilinitoka chini ya kofia, na nakumbuka nikijisemea moyoni kwamba kweli hii mashine ni kiboko.

Saa tano na robo Karani alisoma: nyuzi ishirini na moja.

"Ni ninyi," Bi. Tusekile alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Mnaopasha nyumba ni ninyi. Mko watu wazima kumi na mmoja, mmevaa makoti, mmekunywa chai mabirika matatu, mlango umefungwa. Ningeingiza ng'ombe watatu humu tungepata hizohizo ishirini na moja."

Dokta Gwandumi alimtazama kwa masikitiko. "Ng'ombe," alisema, "hawajaidhinishwa na Idara."

Kisha ikaja hesabu. Karani Chaula alikuwa mzee makini, mwenye penseli sikioni na nyingine mfukoni. Alitazama mita, akaandika umeme uliotumika: sifuri. Akagawanya nyuzi kumi na mbili kwa sifuri. Kikokotoo kikakataa. Akakifuta kwa shati, akajaribu tena, kikakataa tena. Alimnong'oneza Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mkurugenzi akifikiri. Haikuchukua muda.

"Ndugu wajumbe," akasema, "tumezoea mashine inayokula kimoja ikatoa vitatu. Hii haikula chochote, ikatoa kumi na viwili. Huu ni ufanisi usio na mwisho. Naamuru cheti kiandikwe Daraja la Kwanza, Haina Kifani."

Tukapiga makofi, joto likapanda nusu nyuzi. Wajumbe wawili wakatoka uani, wakalibeba jiko la Bi. Tusekile likiwa bado na majivu, wakalibandika namba wakalipakia kwenye gari. Mama wa watu alisimama mlangoni mikono yake mikubwa ikiwa mitupu. Fomu ya Nimeridhika aliwekewa mezani, akaambiwa tutaipitia baadaye.

*

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu, akanikuta nimekumbatia kikombe.

"Mwalimu," alisema, hata kukaa hakukaa, "jana mlipotoka tu nyumba ikapoa kama mtungi. Magharibi mtoto alianza kubadilika rangi, midomo ikawa ya samawati, akaacha kunyonya. Tumembeba kifuani kwa zamu, Lugano na mimi, tumejifunika kila kitambaa kilichomo ndani. Amepona. Lakini vifua viwili, Mwalimu, na kuna kupika, na kuchota maji, na kufua nepi, na huyu binti mwenyewe ana homa ya maziwa. Nimezalisha miaka arobaini. Najua mtoto wa namna ile akipoa anakwendaje. Hapigi kelele. Anatulia tu."

Niliona aibu. Nasema wazi, niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na pengine ndiyo maana nilimwambia jambo ambalo mjumbe hatakiwi kumwambia raia. Nilimwambia kwamba iko fomu.

Sheria yetu inampa raia asiyeridhika haki ya kukata rufaa. Rufaa ikikatwa, ujumbe mzima sharti urudi kesho yake saa tatu kupima upya. Idadi ya rufaa haikuwekewa kikomo, kwa kuwa waliotunga sheria hawakudhani kwamba mtu anaweza kutoridhika mara mbili. Ila aliyekwisha kutia sahihi fomu ya Nimeridhika hana rufaa tena maisha yake yote.

"Na ninyi wengine mbona hamkukata?"

"Tulikuwa tumeshasaini, mama."

"Kwa nini mlisaini?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Kalamu ilikuwa nzuri," nikamjibu.

*

Rufaa ya kwanza aliikata kwa nia ya kutafuta haki. Tulipofika alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Leo kipimajoto kiingie peke yake," alisema. "Ninyi kaeni nje saa mbili, kisha tukasome."

"Kipimo kisicho na mashahidi," Dokta Gwandumi alisema, "ni uvumi."

"Basi aingie mmoja."

"Mmoja atahongwa."

"Nimhonge nini mimi?"

"Kuku."

"Sina kuku."

"Hivyo ndivyo husema wenye kuku," Mjumbe wa Usalama alisema, akaandika mahali.

Tukaingia wote kumi na mmoja. Chai, viazi, hotuba. Kutoka nyuzi nane hadi ishirini na mbili. Rufaa ikatupwa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na kitanda, na niliona kitu ambacho Bi. Tusekile naye alikiona. Kwenye saa nne na nusu, ile kofia ya sufu ilianza kutikisika. Mtoto alikuwa ananyonya. Alinyonya kwa bidii, kwa kelele, kama mtu aliyechelewa chakula, na shavu lake likawa na rangi ya shavu. Bi. Tusekile alimtazama mtoto, akamtazama Dokta Gwandumi akifuta jasho, akatutazama wote mmoja mmoja, jinsi mtu anavyotazama kuni.

Hatujafika getini alikuwa ameshajaza fomu ya pili.

Tangu hapo alikuwa raia mkorofi kuliko wote katika historia ya Idara. Kila siku hakuridhika. Mara kipimajoto kilikuwa kimeinama. Mara Karani alikuwa amekisoma kwa jicho la kushoto. Mara alihisi, sijui kwa nini, kwamba mjumbe wa saba hakuwa ameshuhudia kwa moyo wote. Na kwa kuwa kipimo hakiishi mpaka hotuba iishe, alijifunza upesi namna ya kuuliza maswali.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alikuwa akisema, saa tano ikikaribia na Dokta akielekea kumaliza, "mimi mwanamke wa zamani, hebu nieleweshe tena. Ufanisi maana yake nini hasa?"

Hapo Dokta Gwandumi alianza upya, kuanzia kwenye Katiba. Siku moja aliulizwa tofauti kati ya joto na vuguvugu, akaenda hadi saa kumi na moja jioni. Tulitoka ukuta umeshiba kabisa, ukakaa na joto lake hadi karibu na alfajiri.

*

Sasa ninakuja kwenye sehemu ambayo naieleza kwa shida. Utajiuliza kwa nini Idara haikuchoka. Wajumbe kumi na mmoja, siku baada ya siku, nyumba moja, mashine moja, matokeo yaleyale. Kazi nyingine zote zilisimama, rufaa hutangulia. Ungetegemea manung'uniko.

Hakuna aliyenung'unika. Mjumbe wa Mipango alikuwa na ruhusa ya ugonjwa, akaja. Mjumbe wa Usalama alifiwa na shemeji, akazika akarudi siku hiyohiyo. Saa tatu ilikuwa saa tatu mwanzoni. Baadaye watu wakawa wanafika saa mbili, kisha saa moja na nusu, wamesimama getini wanapiga miguu chini, wanasema wamekuja kukagua mazingira. Walianza kugombania kochi. Karani Chaula alikuja na unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, akasema amekuta umezidi kwake, na mzee yule anaishi peke yake na hana kitu kilichozidi.

Ukweli ni huu, na naomba usinukuliwe. Nyumba za kwanza kupimwa nchini zilikuwa za wajumbe wa Idara, ili tuwe mfano. Cheti namba moja kiko ukutani kwa Dokta Gwandumi, ndani ya fremu. Changu ni namba kumi na moja. Sisi ndio tuliotangulia kusalimisha majiko yetu, mbele ya waandishi wa habari, tukitabasamu. Tangu siku hiyo mimi vidole vya miguu nilivijua kwa kuvitazama tu. Kila mmoja wetu alilijua hili la kwake, na alidhani, au alijifanya kudhani, kwamba la mwenzake ni tofauti.

Kuanzia rufaa ya ishirini Karani Chaula alianza kuja na mizani ya Idara. Katika fomu yetu kuna safu ya mwisho iitwayo Mengineyo, ambayo haikuwahi kujazwa. Alimpima mtoto akaandika humo: kilo mbili kasoro. Wiki iliyofuata: kilo mbili na gramu sitini. Usomaji huo ukawa unasubiriwa kwa hamu kuliko ule wa kipimajoto, na Mjumbe wa Usalama, mtu asiyecheka, siku ya kilo mbili na robo alipiga kigelegele akasingizia kikohozi. Dokta Gwandumi mwenyewe, bila kutoa tamko lolote, asubuhi moja aliinama kidogo mlangoni akasema, "Shikamoo, mama." Bi. Tusekile akamwitikia, "Marahaba, baba, pita ndani," kana kwamba jambo hilo lilikuwa likitokea kila siku.

Redio nayo haikulala. Waziri wa Makazi alitangaza kwamba katika dunia nzima hakuna pampu nyingine iliyopimwa mara hamsini na kufaulu mara hamsini, na kwamba wataalamu wa ng'ambo wanatoa macho. Waziri wa Viwanja na Mandhari akajibu siku ya pili yake kwamba mafanikio hayo yamepatikana bila nusu ya nje, hivyo nusu ya nje ina ufanisi mkubwa zaidi, kwa kuwa imeyaleta ikiwa ghalani.

*

Siku ya rufaa ya sitini na moja mtoto alifika kilo mbili na nusu na gramu ishirini. Mkwe wa Bi. Tusekile alikuwa amefika jana yake kutoka bondeni, kijana mpole aliyetetemeka tangu aliposhuka kwenye basi. Walipakia mizigo. Tulitoka wote kumi na mmoja kuwasindikiza hadi barabarani, jambo ambalo halimo katika utaratibu. Lugano alimpitisha mtoto kwetu mmoja mmoja. Alikuwa na uzito. Sijui nieleze vipi. Alikuwa na uzito wa mtu. Basi likaondoka, tukarudi ndani tukiwa tumejiinamia, na tukafunga mlango kwa mazoea.

Bi. Tusekile hakuleta chai. Alileta fomu ya Nimeridhika, ambayo ilikuwa imekaa mezani chini ya kitambaa kwa siku sitini na mbili, akaiweka mbele ya Mkurugenzi.

"Nipeni kalamu," alisema. "Nimeridhika."

"Umeridhika na nini, mama?" Dokta Gwandumi aliuliza.

"Na pampu. Inapasha. Ni mashine nzuri, haina kifani, mmesema wenyewe mara sitini na moja. Wanangu, nimechoka. Nimechemsha viazi gunia tatu. Nilikuwa namtafutia yule mtoto, naye amekwenda kwenye jua. Mimi nina mablanketi mawili na baridi hii imenikuta hapa, tunajuana."

"Usifanye haraka," alisema Mjumbe wa Mipango.

"Kutoridhika ni haki yako ya kikatiba," Mjumbe wa Usalama aliongeza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, bado Julai yote," Karani Chaula alisema, kisha akatazama chini, kwa sababu hilo halikuwa hoja ya kiufundi.

Dokta Gwandumi alisimama kuhutubia. Alifungua mdomo, na sisi tuliomsikia akiongea saa nane mfululizo juu ya vuguvugu tukasubiri. Hakikutoka kitu. Bi. Tusekile alimwangalia pale alivyosimama, mrefu, skafu ya rangi za taifa imemzunguka shingoni mara tatu.

"Gwandumi," alimwita kwa jina tupu, kama alivyokuwa na haki ya kumwita, "nyumbani kwako ni nyuzi ngapi?"

Mjumbe wa Usalama akageuza uso ukutani ili asisikie.

"Nne," Mkurugenzi alisema. "Asubuhi ya leo zilikuwa nne. Mama yangu mzazi analala na viatu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kusema kwamba kwangu ni tano, lakini nilikuwa Mwakilishi wa Wananchi na sikuwa nimetumwa.

"Basi sema," Bi. Tusekile alisema.

Mkurugenzi alikaa kwenye kochi, katikati ya wawili waliosogea kumpa nafasi. Aliitazama ile mashine nyeupe ukutani, yenye taa yake ya kijani, ikinguruma kwa mpangilio.

"Haifanyi kazi," alisema. "Haijawahi kufanya kazi. Hapa, kwangu, kwa mtu yeyote."

Nilikuwa na umri wa miaka sitini na sita siku hiyo, na lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisikia likitoka kinywani mwa Serikali. Lilitolewa kwa sauti ya chini, mbele ya mashahidi kamili kumi na mmoja, kama sheria inavyotaka. Karani Chaula alitoa penseli sikioni, akailowesha kwa ulimi, akaishika juu ya karatasi.

"Mheshimiwa," aliuliza, "niandike?"

Dokta Gwandumi alifumba macho.

"Andika," alisema. "Lakini andika kwamba aliyesema ni mama, na kwamba anakata rufaa."

Bi. Tusekile alitutazama wote, kutoka kochini hadi kwenye viti vya kuazima, kama alivyotutazama siku ile ya kwanza. Kisha akaichukua kalamu, akaisukuma kando ile fomu ya Nimeridhika, akatia sahihi kwenye nyingine.

"Kesho," alisema, "kila mtu aje na majani yake ya chai."